Nyumba ya Vipande Kumi na Sita

Nyumba njema si mlango. Methali hii humwonya mtu asikipime kitu kwa uso wake wa mbele, kwa kuwa uzuri na ubovu wa nyumba hujulikana kwa aliyeingia ndani. Wengi huitamka kama wimbo wa darasani, bila kuifikiria. Lakini ukiitamka mbele ya watu wa Rumonge, mji ulio kando ya ziwa, waliokuwa watu wazima mwaka ule ziwa lilipopanda, mmoja wao humtaja Asmani mshonaji na mkewe Sikuzani. Yaliyowapata ni haya.

Asmani alikuwa akishona kanzu na suruali katika mtaa wa Waswahili, si mbali na soko. Babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji zamani za Wajerumani, akaoa hapo na kuzikwa hapo. Asmani alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyepesi kama vya mpiga zeze, ila alikuwa na fahari ya kimyakimya ambayo watu wasiomjua sana hawakuiona. Mkewe alinunua ndagala, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi kila alfajiri, akawaanika mchangani, na walipokauka akawapandisha kichwani hadi kwa wakulima wa milimani. Sikuzani hakuwa msemaji sana. Hata hivyo, akishakata shauri, ungeweza kuhamisha mlima kabla hujamhamisha yeye.

Kwa miaka tisa wawili hao, pamoja na binti zao wawili, Mwamini na mdogo wake, waliishi katika vyumba viwili vya uani kwa Hassani, kaka yake Asmani, mfanyabiashara wa mawese. Mama yao, Bi Kadidja, aliishi humo pia, katika nyumba kubwa ya mbele, kwa kuwa mama hukaa kwa mwanawe wa kwanza.

Mwezi wa Mei mwaka 1962, wakati mji mzima ulikuwa ukizungumzia Uhuru uliokuwa ukija Julai, Hassani alimwita mdogo wake barazani.

"Mdogo wangu, biashara imekua," alianza. "Mapipa ya mawese hayana pa kukaa. Mvua zikianza Septemba nitavihitaji vile vyumba. Sikufukuzi, wewe ni damu yangu. Lakini mwanamume wa miaka thelathini na minane hawezi kuota mvi akiwa uani kwa kaka yake."

"Umesema kweli, kaka," Asmani alijibu. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini moyo ulimzama kama jiwe ziwani.

Kiwanja walikuwa nacho. Sikuzani alikuwa amekirithi kwa baba yake, kwenye mchanga, juu kidogo ya pale alipoanika ndagala. Asmani naye alikuwa na mlango. Kabla ya kuoa alikuwa ameununua Ujiji: mlango wa mninga uliochongwa maua pembeni na kupigwa njumu za shaba, mzito wa kubebwa na wanaume wanne. Aliufunga magunia, akauegemeza ukutani nyuma ya cherehani yake, na kila Ijumaa aliufungua ili aupake mafuta. Nyumba iliyoustahili mlango ule, kwa maoni yake, ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na baraza ya saruji. Kila kiangazi alisema mwaka huu matofali yatachomwa. Kwa miaka tisa matofali hayo yalichomwa mdomoni tu.

Siku chache baada ya maneno ya Hassani, Sikuzani alikuwa akirudi kutoka milimani na kikapu kitupu, mvua ya mwisho ya masika ikamkuta karibu na nyumba ya Cirhuza. Huyu Cirhuza alikuwa seremala, Mshi kwa kabila, kutoka upande wa Bukavu, aliyefika ufukweni akitengeneza mitumbwi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeliwa na msumeno, na watu wa mtaa walimwona mtu wa ajabuajabu. Nyumba yake iliwachekesha zaidi. Ilikuwa ya mbao tupu, nyeusi tititi kama chungu cha kupikia, imekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Watoto waliiita Sanduku la Cirhuza.

"Karibu ndani, mama. Usisimame kwa mvua," seremala aliita kutoka mlangoni.

Sikuzani aliinama, akaingia. Nje maji yalikuwa yakishuka kwa nguvu, akayasikia yakipita chini ya sakafu, katikati ya mawe, yakielekea ziwani. Ndani palikuwa pakavu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, vyombo viko kwenye rafu, na harufu ya mbao ilikuwa nzuri kama ya unga uliosagwa sasa hivi. Upepo ulipiga ukuta, ukuta haukutikisika. Sikuzani alipeleka kiganja chake polepole kwenye kiungo cha mbao na mbao, akitafuta unyevu, asiupate.

"Fundi, ulijenga nyumba hii kwa siku ngapi?"

"Kutengeneza vipande, miezi miwili. Kuisimamisha, siku mbili tu," Cirhuza alisema. "Na hapa ni mara ya tatu ninaisimamisha. Kwanza ilikuwa Uvira, halafu Usumbura, sasa iko hapa. Ona." Alimwonyesha mahali vipande viwili vya ukuta vilipokutana, vimekazwa kwa chuma chenye kichwa cha pembe sita. "Hii tunaita buloni. Ukifungua kwa spana, kipande kinatoka chenyewe. Kila kipande kinabebwa na watu wawili."

Sikuzani alikitazama kile chuma kwa muda.

"Sasa niambie ubaya wake."

Cirhuza alicheka mpaka akaketi. "Mama, wewe ni wa kwanza! Wengine wote wananiuliza kama mimi ni mzima wa akili. Sawa. Ubaya wake ni wa aina tatu. Mvua ikinyesha, bati linapiga kelele, huwezi kusikia mwenzako. Mchwa wanaipenda, lazima kila mwaka uipake mafuta machafu ya gari. Ndiyo maana iko nyeusi. Na ya tatu, watu watakucheka. Hiyo ya tatu sina dawa yake."

Mvua ilipokatika, Sikuzani alishukuru, akajitwika kikapu chake na kwenda zake. Kabla hajafika sokoni alikuwa amekata shauri.

Mumewe alikuwa hajakata lolote. "Unataka nilale ndani ya kasha kama mche wa sabuni?" alifoka jioni ya siku iliyofuata, akaacha hata kukanyaga cherehani. "Mimi, mjukuu wa watu wa Ujiji? Watu watasema nini?"

"Watasema wanachosema. Wanao watalala wapi Septemba?"

"Tutapanga chumba mahali, mwaka mmoja au miwili, mpaka tuchome matofali."

"Miaka miwili ya kupanga ni miaka miwili ya kutochoma tofali hata moja, Baba Mwamini. Unajua hivyo kuliko mimi."

Asmani aliutazama mlango wake ulioegemea ukuta. "Na huu je? Umemuuliza huyo Mshi wako kama nyumba yake itaubeba huu?"

"Nilirudi leo asubuhi nikamwuliza. Amesema hautabebeka. Ni mzito mno."

"Basi!" Asmani alisema, kana kwamba kesi imekwisha.

Sikuzani hakupandisha sauti. "Mlango wako ni mzuri, mume wangu. Sijawahi kuona mzuri kuupita. Lakini tangu unioe sijawahi kulala ndani ya mlango."

Siku mbili hawakusemeshana ila kwa mambo ya chakula na watoto. Siku ya tatu Sikuzani alimwekea mumewe chai, akasimama mbele yake. "Ninakuomba jambo moja tu. Nenda uingie ndani ya nyumba ile. Usiitazame kwa nje, ingia. Ukitoka ukasema hapana, sitalitaja tena mpaka nife."

Asmani alikwenda shingo upande. Alidhani angekaa muda wa kumsalimu mwenyeji na kuondoka. Lakini alipokuwa ndani, jicho lake la ushonaji lilimshinda. Aliona kwamba kila kipande kilikuwa kimepimwa na kukatwa peke yake kabla ya kuunganishwa, na hakuna kilichompita mwenzake hata kwa unene wa ukucha. Aliuegemea ukuta kwa bega kwa nguvu zake zote. Akalala chali sakafuni, akautazama upande wa chini wa paa kama fundi wa gari aliye chini ya lori. Cirhuza alimwacha, akaendelea kupiga randa nje.

"Nani alikufundisha kukata hivi?" Asmani aliuliza alipotoka hatimaye.

"Bwana mmoja wa karakana kule Bukavu. Alikuwa mkali! Kipande kisipokaa, anakitia motoni, unaanza upya."

"Hata mimi aliyenifundisha alikuwa hivyo," Asmani alisema. Akacheka kidogo. "Kanzu nayo ni vipande. Hakuna anayeicheka kanzu."

Jioni ile alimkuta mkewe akigeuza ndagala mchangani. "Tujenge," alimwambia. Halafu, kabla moyo haujarudi nyuma, alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamwuzia ule mlango ambao Hassani alikuwa ameumezea mate miaka yote, ili apate bati na buloni. Hassani aliufurahia kama bwana harusi. Aliung'oa mlango wake wa zamani, akautia ule wa mninga, na ili uso wa nyumba ufanane nao akaupiga lipu ya saruji na chokaa nyeupe pe. Kuta za pembeni na za nyuma aliziacha kama zilivyokuwa, matofali mabichi yaliyokaushwa na jua. Huko nyuma hakuna mgeni aliyepita.

Kiangazi chote Cirhuza alifanya kazi. Tarehe mosi Julai alipiga misumari mpaka ngoma zilipoanza kulia uwanjani; ndipo alipovaa shati jeupe akaenda kuona bendera mpya ikipanda, na baada ya sherehe akarudi kwenye randa yake. Mwezi wa Agosti vipande kumi na sita vilikuwa tayari, na kwa siku mbili tu nyumba ilisimama juu ya mawe, vyumba vitatu na kibaraza, nyeusi kama usiku wa giza.

Watu walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kutazama ajali. "Asmani amehamia ndani ya kabati!" mmoja alipiga kelele, na kicheko kikaenea ufuo mzima. Hassani naye alichangia, kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Mdogo wangu, siku ukiugua hatutasumbuka. Tutakubeba wewe na nyumba yako pamoja."

Maneno hayo yalimchoma Asmani kama sindano chini ya ukucha. Siku kadhaa alishona bila kuinua uso. Sikuzani alimwona, akamwambia neno moja tu: "Waache wacheke. Kicheko hakivujishi paa."

Na kweli paa halikuvuja. Mvua zilipofika, bati lilipiga kelele kiasi kwamba watoto walizungumza kwa ishara za mikono, wakaufanya huo kuwa mchezo. Mchwa walikula nguzo moja ya kibaraza. Cirhuza akaibadilisha kabla ya adhuhuri. Juni iliyofuata Asmani mwenyewe alizipaka mbao mafuta machafu, akinuka kama gereji kwa wiki nzima. Hakuna aliyeisifu nyumba yake. Hata yeye alikuwa bado hajaisifu kwa sauti.

Wakati huohuo ziwa lilianza kupanda. Mara ya kwanza watu walidhani ni mvua nyingi za msimu. Lakini kiangazi kilipofika, maji hayakurudi yalipotoka, na mvua zilizofuata yalisogea tena. Mwaka 1963 yalimeza uwanja wa kuanikia ndagala. Mwanzoni mwa 1964 yalikuwa yamekula safu ya kwanza ya nyumba. Asubuhi ungekuta ukuta wa udongo umelala majini kama ng'ombe aliyechoka. Wengine walihama. Wengine walisema ziwa lina adabu yake, litarudi kwake.

Sikuzani hakusubiri adabu ya ziwa. Mwezi wa Machi, maji yalipokuwa hatua kumi kutoka kwenye mawe ya nyumba yao, alimwambia mumewe, "Tunahama."

"Tuhamie wapi?"

"Mlimani. Na nyumba yetu."

Siku hiyohiyo alipanda kwa Pascasie, mkulima mmoja mjane mwenye michikichi kwenye mwinuko nyuma ya mji, ambaye Sikuzani alikuwa amemwuzia ndagala kwa miaka mingi.

"Amahoro, Mama Pascasie."

"Amahoro, Sikuzani. Mbona leo umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuja kuomba mahali pa kuweka nyumba. Maji yametufikia."

Mama yule alitazama chini kwenye ziwa, pana na la rangi ya risasi, kisha akamshika mkono, akampeleka ukingoni mwa shamba. "Hapa pana mawe tu, mihogo inakataa. Kama nyumba yako inapenda mawe, ilete."

"Murakoze cane," Sikuzani alimshukuru, na machozi yakamlenga.

Wakapanga kuibomoa Jumapili. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kugusa buloni hata moja, Asmani alikwenda kwa kaka yake. Uani kwa Hassani, hatua chache kutoka hapo na bondeni zaidi, maji yalikuwa yameshaingia. Mapipa ya mawese yalikuwa yamesimama ndani yake kama viboko.

"Kaka, twende pamoja. Angalau nipe mama nimchukue."

Hassani alikuwa ameketi barazani, mbele ya ukuta wake mweupe. Aliupiga mlango wa mninga kwa kiganja. Ukatoa mlio mzito. "Unasikia? Nyumba yenye mlango huu haikimbii maji kama mbwa. Ziwa litashuka."

"Mlango hauna neno, kaka. Ninaogopa kuta za nyuma."

"Nenda kafungue kabati lako, mdogo wangu."

Bi Kadidja, aliyekuwa akisikiliza dirishani nyuma ya nondo, alisema hatamwacha mwanawe wa kwanza peke yake. Asmani aliondoka peke yake.

Kazi ilianza vibaya. Buloni nyingi zilikuwa zimeshika kutu, spana ikawa inateleza. Sikuzani alileta mawese, akayamimina juu ya kila kichwa cha chuma, wakangoja, wakajaribu tena. Saa tatu na nusu Cirhuza alitokea kutoka misani, bado yumo ndani ya shati lake jeupe, na nyuma yake wanaume wawili wa kwao. Hakusalimu. Alivua shati, akalitundika juu ya mti, akachukua shoka na spana yake kubwa. Bati likashuka. Kipande cha kwanza kikatoka, cha pili, cha tano. Wawili wawili walivibeba begani, wakapita matopeni hadi kilimani, wakavitua kwa Pascasie, wakarudi. Kipande kimoja kiliwaponyoka kwenye mtelezo, kikavunjika vibaya. Hakuna aliyesimama kukililia. Kufikia adhuhuri vilibaki vinne.

Ndipo uliposikika mshindo, mzito na wa chini, kama gunia kubwa lililoangushwa kutoka ghorofani. Baada yake sauti ya mwanamke ikapasua hewa: "Jamani! Mama! Mama!"

Asmani aliitambua sauti ya Kabibi, mke wa Hassani. Alikimbia, Cirhuza akimfuata na shoka mkononi.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Hassani ulikuwa umeanguka na kuuziba upande wote wa uani. Hassani mwenyewe alikuwa nje. Alikuwa ametoka kuyaangalia mapipa. Sasa alikuwa mbele ya nyumba, akiusukuma mlango wa mninga kwa mabega, akilia kama mtoto. Nyumba ilikuwa imezama upande mmoja, fremu ikapinda, na ule mlango wa watu wanne ukakwama mahali pake kama gego kwenye ufizi. Madirishani kulikuwa na nondo. Ndani walikuwa Kabibi na Bi Kadidja, na dari ilikuwa ikidondosha udongo.

"Toka hapo, kaka!" Asmani alinyakua shoka. Mbele yake palikuwa na yale maua ya mninga aliyoyapaka mafuta Ijumaa baada ya Ijumaa kwa miaka tisa. Hakusita. Alipiga. Shoka liliruka kama lililopiga chuma. Akapiga tena, na tena. Mti ule mzuri ulikuwa mgumu kweli, haukutoa hata kibanzi cha kujivunia.

"Si mlango!" Cirhuza alipiga kelele. "Piga ukuta! Ukuta iko maji!"

Asmani aligeuza shoka, akalipiga pembeni mwa fremu. Lipu nyeupe ilibanduka kipande kikubwa, na nyuma yake tofali lilimeguka kama ugali. Mapigo sita tu, tundu la mtu likapatikana. Lakini fremu nayo ilianza kuinama, na kizingiti cha juu kikashuka. Cirhuza alikwishakimbia na kurudi na boriti moja ya sakafu ya nyumba nyeusi. Aliisimamisha chini ya kizingiti, akaikumbatia kwa mikono yake miwili yenye vidole vinane, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ingia! Haraka, ingia!"

Asmani alijipenyeza. Alitoka akiburuta mguu mmoja uliochubuliwa na tofali, mama yake mgongoni, mwepesi kama mtoto, na Kabibi akiwa ameshika kanzu yake. Walipofika njiani Cirhuza aliachia boriti, akaruka. Uso mweupe wa nyumba uliangukia ndani, mlango wa mninga ukiwa mzima kabisa katikati ya vumbi na maji.

Bi Kadidja alikuwa akipapasa uso wa mwanawe mdogo kama anayehakikisha kwamba ni yeye. Sikuzani, aliyekuwa amewafuata mbio, alilitazama jua. "Vipande vinne bado viko chini," alisema. "Jua halitungoji."

Wakavipandisha. Hassani pia alibeba, akiwa upande mmoja wa kipande na Asmani upande mwingine, na njia nzima hakuinua macho. Kabla ya magharibi vipande kumi vilikuwa vimesimama juu ya mawe ya Pascasie na bati la vyumba viwili limerudi. Mahali pa kile kilichovunjika walifunga mkeka. Pascasie alileta chungu cha maharage na ndizi, akakitua katikati ya sakafu bila kuuliza nani ni wa dini gani au kabila gani. Jamaa mbili na kikongwe mmoja walikula humo, magoti yakigusana.

Baada ya wiki moja nyumba ilikuwa imekamilika. Baada ya miezi miwili Cirhuza alikuwa ameongeza vipande sita ubavuni, kwa kufungua buloni za ukuta mmoja na kuusogeza mbele, jambo ambalo mwenye nyumba ya matofali hawezi hata kuliota. Humo ndimo Hassani alimoishi na mkewe na mama yake.

Siku moja alimkuta mdogo wake chini ya kibaraza akichanganya mafuta machafu ya kupaka. Alichukua brashi ya pili, akaanza kupaka upande wake.

"Nilikucheka mbele za watu," alisema mwishowe. "Mama yangu alikuwa ndani ya nyumba iliyooza, na mimi niko nje ninakucheka wewe. Nisamehe."

Asmani aliendelea kupaka. "Kaka, mimi nilimcheka Cirhuza kabla yako. Kilichonitofautisha na wewe ni kwamba mke wangu alinilazimisha kuingia ndani."

Hassani alicheka kwa mara ya kwanza tangu Machi, ingawa macho yalikuwa yamemlowa.

Kiangazi kile watu walianza kumiminika kilimani kuiona nyumba ile, maana ufuo wote, kuanzia Rumonge hadi kusini, ulikuwa umejaa wasio na makazi. Mmoja wao alikuwa Modeste, karani wa Nyanza-Lac, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye nyumba yake nzuri ilikuwa imelala ziwani tangu Aprili. Mkewe na watoto walikuwa kwa jamaa, wakingoja shauri lake. Alisimama mbali kidogo, akaitazama ile nyumba nyeusi juu chini, na uso wake ukaonyesha kwamba anajuta safari.

"Ndiyo hii wanayoisifu?" aliuliza. "Haina hata lipu. Hivi kweli mtu na heshima zake anaweza kuishi ndani ya kitu kama hiki? Mabaya yake ni yapi? Mazuri yake ni yapi?"

Asmani alisimamisha cherehani, akafungua kinywa kujibu. Lakini Hassani alimtangulia. Aliinuka kutoka kibarazani, akapisha njia, akamwonyesha mgeni ngazi ya mbao.

"Bwana karani, ukiwa hapo nje huna la kuuliza na sina la kukujibu," alisema. "Vua viatu, uingie. Kaa na mama, unywe chai, uguse kuta kwa mkono wako. Ukitoka tutazungumza."

Modeste alisita, akavitazama viatu vyake, kisha akavivua. Aliinama, akaingia. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Kadidja ikimkaribisha, na kikombe kikitiwa chai, na baadaye mlio wa kiganja kikigonga mbao, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, mara tatu. Alikaa humo mpaka vivuli vya michikichi vikarefuka. Alipotoka hakuuliza mabaya wala mazuri. Aliuliza tu fundi Cirhuza anakaa wapi, akashuka kilimani kwenda kumtafuta akiwa bado hajafunga kamba za viatu.

Mwenye kutaka kujua na aingie, kwani hakika nyumba njema si mlango.